Panya Waliokuja Kumlilia Paka

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa paka!

Na nani?

Na panya!

Ehee. Basi teremsheni sauti, panya wasijue tunawasema.

Hapo zamani za kale alikuwako mama mmoja, Bi Somoe, na paka wake, Kidevu. Aliitwa Kidevu kwa sababu kidevu chake kilikuwa cheupe, kama aliyelamba tui akasahau kujipangusa. Na tui alikuwa analamba kweli, msimtetee.

Siku moja Kidevu, mzee wa watu, alilala kando ya mafiga, asiamke. Bi Somoe akamfunga kwenye kanga yake nzuri, akamzika chini ya mpapai. Akatandika mkeka wa msiba, akakaa, akalia.

Majirani wakaja. "Pole, shoga." Wakakaa kidogo, wakaenda zao.

Kisha wakaja panya. Msicheke! Walikuja kwa adabu, mikono kichwani, na mbele yao Buku, panya mkubwa mwenye tumbo.

"Yalaaa, dada!" akalia Buku. "Kidevu ametuacha!"

"Kwani mlijuana naye?"

"Kujuana tu? Haikupita siku bila yeye kututafuta. Alitupenda mpaka akamtia mjomba wangu tumboni!"

Masikini Bi Somoe, moyo umevunjika, akaona hawa ndio wafiwa wenzake. Akawapikia kunde. Wakala, wakalamba chungu.

Kulipokucha akasema, "Nikunje mkeka sasa, nikapalilie shamba."

Buku akaanzisha wimbo. Haya, imbeni nami:

Lia, mama, lia,
usikunje mkeka!
Kidevu hana mwenzake,
usikunje mkeka!

Bi Somoe akakaa tena. Panya wakapanda darini kwenye mahindi. Karu, karu, karu.

Mchana kuku wake, Kishingo, akaja mlangoni. "Bibi, mimi kuku tu, sina akili. Lakini msiba gani huu, mfiwa anakonda, waliaji wananenepa?"

"Nyamaza, Kishingo! Huna huruma."

"Huruma ninayo, Bibi. Mtama ndio sina."

Bi Somoe akashika ncha ya mkeka. Panya wakaimba: usikunje mkeka! Akakaa. Karu, karu, karu.

Siku ya tatu ikanyesha mvua. Kitoto cha paka, kimelowa chapachapa, kikasimama mlangoni. "Nyau."

Panya wakasongamana ukutani. Halafu wakaimba kuliko siku zote: usikunje mkeka!

"Kifukuze, dada!" akasema Buku. "Utamsahau Kidevu upesi hivyo? Hata nyasi hazijaota kaburini!"

Bi Somoe akainua ufagio. Mkono ukasita hewani. Akamwona Buku anatetemeka, mkia kauficha miguuni.

"Buku, unatetemeka nini?"

"Huzuni, dada."

"Jana huzuni yako ilimaliza chungu kizima, haikutetemeka."

Akatazama darini. Gunia la mahindi limelala, tumbo limeingia ndani. Bi Somoe akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Jamani! Kidevu angeniona nawapikia panya, angenicheka mpaka masharubu yamdondoke!"

Akaleta jembe. "Haya, wafiwa wenzangu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shikeni, tukapalilie shamba, kwa ajili ya ndugu yenu."

Buku akalitazama jembe. Akakitazama kitoto cha paka. Kitoto kikapiga chafya.

Lo! Panya wote dirishani! Buku tumbo likamkwamisha, mpaka Kishingo akamsukuma nyuma kwa mdomo.

Bi Somoe akaukunja mkeka. Akaona unyoya mweupe wa Kidevu umenasa kwenye msuko wa ukili. Akalia tena kidogo. Hakuutoa, aliuacha palepale. Na kile kitoto hakukiita Kidevu, wala hakukipa bakuli la Kidevu. Alikipa bakuli jingine, akakiita Chafya.

Basi, wajukuu, kulia si kosa. Aliyependwa na aliliwe, hata akiwa na miguu minne. Lakini mkeka wa msiba una siku yake ya kukunjwa, na anayekukataza kuukunja, mtazame kwanza tumbo.

Na mimi ngano yangu naikunja hapa. Ikiwa tamu, lalieni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na anayesikia karu, karu huko darini, amwite paka.