Fimbo Iliyomtafuta Bwana Wake

Katika nchi ya Misri, mjini Kamaria, alitawala Sultani Dhahiri, na watu wake walifukua kaburi la kale wakamkuta maiti amelazwa na fimbo ya mti ubavuni, nayo ina ufa. Sultani akaipenda, akampelekea seremala Mundhiri ikiwa kitambaani na kumwamuru, “Iunge kabla ya Ijumaa, ama utakatwa mkono.”

Mundhiri alipoishika tu, miguu yake ikamtoa karakanani bila ridhaa yake, ikamfikisha kwenye shamba la shayiri asilolijua, na mara akasahau hata jina lake. Alipoiachia, akajiona yupo pale pale penye randa yake, na katika ule ufa wa fimbo ametoka jini kizee, kope zimejaa vumbi.

“Bwana wangu yuko wapi?” akauliza jini. “Nilifungwa humu nimshike mkono mpaka afike.”

“Afike wapi?”

“Sijui. Njia aliijua yeye, mimi naujua mwendo wake tu. Je, si wewe?”

Mundhiri akajipapasa uso kuhakikisha kwamba yeye ni yeye. Mwisho jini akarudi ndani ya ufa, na Mundhiri akaibeba ile fimbo kwa kile kitambaa mpaka barazani kwa Sultani, akapiga magoti na kunena, “Ewe Maulana, fimbo hii ina mwenyewe, nami siiungi.”

Sultani akaghadhibika, akaikwapua, na papo hapo akaanza kuizunguka baraza akimtazama bintiye Nuzuha na kumuuliza, “Ewe mwanamwali, wewe u binti wa nani?”

Nuzuha akalia, kisha akamnyang’anya fimbo kwa ncha ya ushungi wake na kumwambia seremala, “Twende, bwana. Tuirudishe kaburini kwa mwenyewe.”

Wakashuka wawili hao, wakaiweka fimbo chini ya kiganja cha maiti, na vidole vikavu vikaikumbata. Mara wakasikia nyayo za watu wawili zikienda mbali ndani ya mwamba, pasipo na mlango.

“Wanakwenda wapi?” akanong’ona Nuzuha.

“Wallahi sijui,” akasema Mundhiri.

Waliporudi, Sultani alimtambua mwanawe, akatubu, akaamuru kaburi lizibwe, akamwoza Nuzuha kwa Mundhiri na kumpa huyo seremala mashamba na majumba. Wakaishi kwa raha, ingawa Mundhiri hakupata kuelewa aliyoyaona hata siku moja. Na funzo lake ni hili: ukutapo kitu mkononi mwa mtu aliyelala, usidhani amekwisha kukitumia.