Tope la Sultani

Hapo zamani, wakati hata njia zilikuwa hazijaamua pa kupita, palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Kizangaze. Juu yake kilima, chini yake bonde la mpunga, na katikati vibanda vimeng'ang'ania mteremko. Kutoka kilimani uliteremka mfereji mmoja, na wote waliutegemea huo kwa kunywa na kulima. Nyuma ya kilima lilikuwapo kasri la Sultani Shebwana, na miwa yake.

Basi kiangazi kimoja miwa ikanyauka. Sultani akawaita wanakijiji barazani, akasema, "Kilima ni changu, na kila kishukacho kutoka kilimani ni changu. Masika yakiisha, mfereji utageuzwa uje kwangu." Watu wakainama. Bila maji yale Kizangaze ingekufa, na walijua.

Alikuwamo fukara mmoja, Chande, ambaye mali yake yote ilikuwa kikapu na ulimi. Akauliza, "Kila kishukacho, bwana wangu?"

"Kila kishukacho. Na atakayezuia mali yangu nitamfunga."

"Hewala, bwana," akasema Chande, akaenda zake kulala.

Masika yakaja, na kilima kikafanya kama kifanyavyo kila mwaka: kikaporomosha tope na mawe hadi milangoni mwa watu. Chande akajaza kikapu, akazunguka kilima, akamwaga tope juu ya zulia la baraza. Nyuma yake kijiji kizima, kila mtu na kikapu chake. Bi Mwanakheri, ajuza asiyejiweza, alileta jiwe moja akaomba radhi kwa uchache wake.

Sultani akainua miguu. "Ni nini hii?"

"Mali yako, bwana. Imeshuka jana."

"Iondoeni."

"Tukikaa nayo tutakuwa tumeizuia, nasi twaogopa kufungwa. Hii ni ya mteremkoni tu. Ya bondeni yaja alasiri."

Tope likafika kitini. Sultani akatangaza mbele ya kadhi, "Kishukacho chenyewe kutoka kilimani, bila kubebwa, ni cha yule kinayemshukia. Nimehukumu."

"Twashukuru, bwana," akasema Chande. "Maji yetu nayo hushuka yenyewe."

Sultani akamtazama waziri, waziri akatazama tope. Ikawa aibu tupu, maana hukumu ikishatoka barazani hairudi.

"Haya, nendeni na maji yenu," akasema Sultani.

Chande hakuondoka. "Na tope, bwana? Kwa hukumu yako ni letu, na pasipo tope hilo mpunga wetu haustawi. Ila sisi tumechoka."

Basi askari wa Sultani wakalizoa, wakazunguka nalo kilima kikapu baada ya kikapu, na Chande akawaonyesha pa kumwaga.