Jina la Bi Mwanaheri Mlangoni

Bao halijaribiwi upande mmoja. Mmeyasikia maneno haya mkacheka, mkadhani yametungwa na wavivu wa barazani. Thubutu! Yalizaliwa hapa hapa Pangani, katika jasho la watu, na mambo yalikuwa hivi.

Palikuwa na kampuni iliyotengeneza mabao, drafti na michezo mingine ya mezani, na mkurugenzi wake alikuwa Bi Mwanaheri, mwanamke wa kauli moja. Enzi zake mabao yetu yalichezwa hadi Kilwa na Pemba, na mtu akilipindua bao akaona chapa ya Pangani, alijua amepata kitu. Kiwandani palikuwa na desturi: bao jipya halitoki mpaka mafundi wawili walicheze, kisha wabadilishane viti, walicheze tena. Mashimo ya upande mmoja yakikosa kina, kete huruka, na anayekaa upande huo hushindwa bila kosa lake. Wa upande wa pili hajui lolote.

Siku moja mafundi walikuwa mbioni kumaliza shehena ya mteja mkubwa. Walicheza mara moja tu, viti hawakubadilishana. Bi Mwanaheri alipokaa upande wa pili wa bao mojawapo, kete zikamrukia mapajani. Akajaribu jingine, yale yale. Akaamuru shehena nzima ichomwe uani, na moto ukiwaka akawaita mafundi wavivu mbele ya watoto wao waliokuja kuwaletea chakula. Mteja akaenda zake, mafundi kadhaa wakapoteza kazi, naye Bi Mwanaheri mwenyewe akavuliwa cheo.

Basi mji ukagawanyika. Huku walisema ana kiburi, ameivunja kampuni kwa mikono yake. Kule walisema ndiye aliyelinda jina la Pangani. Ndugu walinuniana kwa ajili yake.

Miaka ikapita, ukajengwa ukumbi wa bao, na likazuka shauri la kuuita kwa jina lake. Watu wakakutana waamue, naye akaitwa. Aliingia shingo juu. Alijua jina likikataliwa siku ile, atazikwa akiitwa mchoma mabao.

Wa kwanza kusimama alikuwa Fundi Mhina, mmoja wa waliopoteza kazi.

"Shikamoo, Bi Mwanaheri."

"Marahaba, Fundi."

"Mimi silitaki jina lako mlangoni. Ulituchomea jasho letu."

"Siku ile mlibadilishana viti?"

Mhina akainamisha kichwa. "Hatukubadilishana."

"Basi ningeyachoma tena leo. Bao bovu halitoki Pangani nikiwa hai."

Watu wakashangilia. Mhina akangoja wanyamaze.

"Sawa, Bi. Na wewe, uliwahi kukaa upande wetu? Nani alimwahidi mteja shehena ile kabla ya Ramadhani, na mbao zenyewe hazijakauka?"

Bi Mwanaheri alikuwa ametukanwa mara nyingi, lakini swali hilo hakuwahi kuulizwa. Jibu la kujitetea lilimfika ulimini, akalimeza. Maisha yake yote hakuruhusu kazi mbovu ipite, na jibu lile lilikuwa kazi mbovu.

"Ni mimi," akasema. "Sikuwauliza kama mtaweza. Kuyachoma nilipatia. Kuwaita wavivu mbele ya watoto wenu nilikosa, maana haraka ile niliianza mimi. Nisameheni. Jina lisipowekwa, sitanung'unika."

Mhina akawageukia watu.

"Liwekwe," akasema. "Na nitalichonga mimi. Au yupo fundi mwingine hapa atakayechonga herufi ambazo Bi Mwanaheri hatazitia moto?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Mwanaheri naye alicheka, machozi yakimtoka, na shingo yake ikiwa juu vile vile. Hakuwahi kujivunia kitu kama alivyojivunia fundi yule siku ile.

Jina lipo mlangoni hadi leo, na hakuna herufi iliyopinda. Mgeni akiuliza Bi Mwanaheri alikuwa mtu wa namna gani, wenyeji hawana haraka ya kujibu. Humvutia kiti akae, wamsimulie moto, wamsimulie na ile ahadi ya kabla ya Ramadhani, kisha humwambia: bao halijaribiwi upande mmoja.