Turbo Ndogo na Ng'ombe wa Mahari

Kiselema ni jembe lililolika hadi likabaki kipande. Wengi hukidharau, lakini mkulima hodari hukipeleka mahali ambapo jembe zima limekwama. Cyprien Nsabimana wa Goma alijifunza hayo mwaka wa 1957, nusura akose mke.

Cyprien alikuwa dereva, mwana wa wafugaji, na vyuma alivichagua kama babake alivyochagua fahali: kwa ukubwa. Lori lake la dizeli alilifungia turbo iliyotoka kwenye injini ya meli, pana kama sufuria ya harusi. Turbo huzungushwa na moshi wa injini, nayo huisukumia injini hewa. Kwenye tambarare lori lilikwenda kama mshale. Kwenye kona za mlima wa Masisi, moshi ukiwa haba, dude lile lilichelewa kuzunguka. Cyprien akikanyaga mafuta, lori lilifikiri kwanza.

Mara mbili alimpeleka ng'ombe wa mahari kwa kina mchumba wake Mukashyaka, huko mlimani. Mara mbili shangazi zake waliomsindikiza walishuka kusukuma lori, wakafika jua limezama. Muzee Ntirenganya, baba wa binti, hakupokea ng'ombe ambaye giza lilimzuia kumkagua.

"Ukikawia mara ya tatu," alisema, "urudi naye kabisa."

Roho mkononi, Cyprien alimwendea fundi Kamate. Fundi akamtolea turbo kuukuu, gurudumu lake kama kisahani cha chai.

"Papa Kamate, hii ni ya mutoto!"

"Wewe mutu wa ngombe, nikuulize. Fahali na ndama wakilala chini, nani anasimama mbio?"

"Ndama."

"Basi! Moshi kidogo tu, hii inaamuka. Kwa tambarare watakupita, lakini mulima utapanda."

Kweli, asubuhi ya safari kila gari liliwapita.

"Cyprien, tushuke tutangulie kwa miguu?" shangazi Nyiransengimana alimtania.

Kona ya kwanza ya mlima ikafika. Akakanyaga mafuta, na papo hapo lori likaitika! Kona ya pili, ya tatu, ya kumi. Nyuma shangazi wakaimba hadi sauti zikawakauka, wala hakuna aliyeshuka.

Ntirenganya aliwapokea mchana kweupe, mkono mmoja bado haujaingia kwenye koti. Alimzunguka ng'ombe, akampapasa pembe.

"Leo ninamuona. Ni muzuri."

Kwa furaha Cyprien alimkumbatia ng'ombe kabla ya kumwamkia mkwewe, na vigelegele vikachanganyika na vicheko. Kisha mzee akataka kuonyeshwa kilicholipandisha lori. Boneti ikafunguliwa.

"Kadogo hivi?" alishangaa.

Kadogo hivyo hivyo, muzee. Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima.