Hori la Bibi Kanga

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, milango yao na majirani zao wa kusemana nao, aliishi Kindi. Alikuwa mdogo, mwepesi, na alipenda useremala wa kujifurahisha. Leo achonge mwiko, kesho aunge kistuli.

Kindi hakuwa na mama. Mafuriko yalimchukua mama yake, Kindi angali mchanga, hata mkia haujaota manyoya. Bibi Kanga ndiye aliyemwokota, akamfunika kwa mbawa pamoja na vifaranga wake, akamlea.

Mwaka huo jua lilikuwa kali mno, na Bibi Kanga alikuwa amevunjika mguu. Mtoni hafiki. Karibu na nyumba yake palikuwa na mwamba unaodondosha maji, to, to, to, lakini kila tone lilinywewa na mchanga. Vifaranga sita walilia kutwa, "Maji, mama! Maji!"

"Nitakutengenezea hori, mama, chombo kirefu cha mbao," Kindi akasema. "Tutalikinga hapo mwambani, lishike maji."

Akapasua mbao, akakoroga gundi ya uji wa muhogo, akaipaka nene, akaunga. Likapendeza! Wakalikinga. Maji yakafika nusu, vifaranga wakishangilia. Mara, pwaa! Mbao zikaachana, maji yote yakaenda.

Bibi Kanga hakumlaumu. "Umejitahidi, mwanangu," alisema. Maneno hayo yakamchoma Kindi kuliko matusi.

Kigogota, yule ndege wa kutoboa miti, alikuwa akitazama kutoka juu. "Umeungia nini?"

"Muhogo. Kistuli changu kimeshika miaka miwili!"

"Kistuli hakikai majini, wewe! Muhogo ni wa vitu vikavu. Hori linataka sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, uupike na mafuta. Na usipake kama unapaka siagi! Futa vumbi, paka nyembamba, kisha ubane ubavu huu na huu. Lisitikisike mpaka alasiri."

Kindi akatazama vijikono vyake. Abane na nini?

Akaenda kwa Kifaru, akamkuta amelala na Nyati kivulini. "Shikamooni, wajomba. Nina kazi kidogo ya mabega..."

"Toka!" akanguruma Kifaru.

"Hata sijamaliza kusema, mjomba."

"Basi malizia huko mbali," akasema Nyati.

Kindi akarudi amekasirika. Lakini alipokuwa akipika sandarusi, akaanza kutabasamu.

Asubuhi akafuta mbao, akapaka gundi nyembamba, akaunga hori uwanjani kwa Bibi Kanga. Kisha akamkimbilia Kifaru. "Mjomba, eti Nyati anasema huwezi kusimama tuli. Nzi akikutulia, unaruka!"

"Nani? Mimi?"

Akaenda kwa Nyati, akasema vilevile juu ya Kifaru. Punde si punde wakafika uwanjani wote wawili, wanafoka.

"Msipigane, wajomba! Kila mmoja aegemeze bega kwenye kisanduku hiki, mmoja huku, mmoja kule. Atakayetikisika kwanza ameshindwa."

Wakaegemea, kwii! Hata hawakutazama wanaegemea nini.

Jua likapanda. Nzi wakaja, zzz, zzz. Jasho likawatiririka.

"Umechoka, Kifaru?" akauliza Nyati.

"Sijaanza!"

Kindi alizunguka akiwapepea, moyo ukimdunda du! du! du! Mara Nyati akafumba macho. "Ha... haa..."

"Usipige chafya, mjomba!" Kindi akarukia pua yake, akaibana kwa mikono miwili. "Meza! Meza!"

Nyati akameza. Macho yakamtoka machozi, lakini hakutikisika.

Ilipofika alasiri, Kigogota akashuka, akagonga maungio, ko, ko, ko. "Imekauka!" akapiga kelele.

"Nini kimekauka?" akauliza Kifaru. Akatazama chini, akaona hori. Akaelewa. "Fuuu! Wewe kijitu!"

Kindi akapiga magoti. "Niwieni radhi, wajomba. Nimewadanganya. Hakuna aliyemsema mwenzake. Mama yangu ana kiu, na mimi sina nguvu za kubana mbao."

Kifaru akainamisha pembe. Ndipo Bibi Kanga akatokea akichechemea kwa mkongojo, vifaranga nyuma yake.

"Ni nyinyi mliosimama juani kutwa kwa ajili yangu?" akasema. "Ahsanteni, wanangu. Ahsanteni sana."

"Ahsante, mjomba Kifaru! Ahsante, mjomba Nyati!" wakalia vifaranga.

Kifaru hakuwahi kushukuriwa na mtu. Wote humkimbia. Akainua pembe taratibu, akatazama pembeni. "Aa... si kitu, mama. Ni bega tu."

"Mimi ndiye niliyesimama tuli zaidi," akasema Nyati.

Wakalibeba hori wenyewe hadi mwambani. Maji yakaingia tone kwa tone, yakajaa, na hata moja halikuvuja. Vifaranga wakanywa, Bibi Kanga akanywa, na Kindi akakaa akiwatazama, shavu lake limeegemea ubao, akilia na kucheka pamoja.

Basi wanangu, aliyekulea usimwache na kiu, na aliyekusaidia, hata kama hakukusudia, mwambie ahsante.