Likizo Moja, Watu Watatu

Sogeeni karibu. Hadithi hii naijua yote isipokuwa hukumu yake.

Katika masijala ya hospitali moja ya wilaya walikuwapo wafanyakazi watatu. Kidawa alikuwa na jicho: jambo likienda kombo, aliona lilipoanzia. Hiza, fundi wa kompyuta, alirekebisha leo kile ambacho kingeharibika kesho. Mama Shemweta, mkuu wao, alijua kuachilia kilicho chake. Ilikuwa wiki ya saba hawajapumzika hata Jumapili, maana wenzao walihamishwa na hakuna aliyeletwa.

Mafaili ya miaka ishirini yalikuwa ndani ya kompyuta. Ukiandika neno, yaani swali lako, mashine inapekua kurasa zote na kukuletea zenye neno hilo.

Siku moja, saa saba mchana, aliletwa mjamzito aitwaye Mwasiti, hajitambui, anatakiwa kupasuliwa. Mumewe akaja masijala na muuguzi, akasema, "Kuna dawa ilitaka kumuua zamani. Jina lake silijui. Waliliandika hapa hapa."

Kidawa akaandika jina la mgonjwa. Mashine ikanyamaza.

"Izimeni muiwashe upya," muuguzi akasema.

"Ikizimwa, hairudi mpaka saa nzima ipite," Kidawa akajibu. Akapitia orodha ya maswali ambayo mashine ilikuwa ikiyatafutia majibu, akalikuta moja lililoanza asubuhi, linalotaka kila ukurasa uliotaja homa, kwa kila namna neno hilo lilivyowahi kuandikwa. "Mashine haijafa. Imebanwa na hili."

Zamani swali likishaanza lilikuwa halikatiki. Hata ukiliondoa kwenye kioo, ndani mashine iliendelea kupekua hadi mwisho. Hiza ndiye aliyebadili hilo. Miezi mitatu nyuma, baada ya saa za kazi, bila kutumwa na mtu, aliifundisha mashine kutua kila baada ya kurasa chache na kuangalia kama imeambiwa iache. Hakuna aliyemshukuru. Wengi hawakujua.

Lakini swali lile lilikuwa la Mama Shemweta, na ruhusa ya kulikata ilikuwa yake peke yake. Ripoti ya homa ilitakiwa jioni ile. Likikatwa, kazi ya saa sita inapotea yote.

"Limebakiza muda gani?" Mama Shemweta akauliza.

"Dakika arobaini," Hiza akasema.

"Na mgonjwa?"

"Hana hata kumi," muuguzi akajibu.

Mama Shemweta akafumba macho kidogo. "Likate."

Jibu la Mwasiti likaja hapo hapo: asipewe penisilini. Akapasuliwa, akapona, na mtoto wake akalia. Mama Shemweta akalianzisha swali lake upya, akakaa kulingoja.

Wiki iliyofuata mganga mkuu akawaita. "Nina likizo ya siku kumi, ya mtu mmoja. Nikiwatoa wawili, masijala inafungwa. Nimpe nani?"

Hakuna aliyejipigania.

"Mpe Hiza," Kidawa akasema. "Mimi nilitazama tu."

"Kazi yangu ingefaa nini kama mwenye swali angekataa?" Hiza akasema. "Mpe Mama."

Mama Shemweta akatikisa kichwa. "Bila Kidawa tungeizima mashine, na yule mama angekufa tukiingoja iwake."

Hiza alikuwa ameegemea ukuta, usingizi umeanza kumchukua. Mganga mkuu akaitazama fomu, nafasi ya jina ikiwa tupu.

Nyinyi mliosikia yote, kalamu ya kuijaza fomu ile ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani? Na wale wawili wanaorudi kazini, mngewaambia nini?