Kikuba cha Arusi ya Zimwi

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao.

Kaskazi moja zimwi lilimkamata Riziki, binti wa Mwanasiti, likambana kwa mkono mmoja. "Kesho naoa," likamwambia mama mtu, "na kinywa changu kinanuka. Nifungie kikuba cha maua ya bustani yako. Kikishindwa na pumzi yangu, nammeza mwanao."

Mwanasiti akachuma asumini, akafunga. Zimwi likapumua, huuu! Zikanyauka, zikanuka vumbi.

"Mama!" akalia Riziki.

Akafunga waridi na mrehani. Huuu! Vikanyauka, vikanuka vumbi.

"Mama!"

Bustanini ukabaki mkilua peke yake. Mwanasiti akafunga vilua, roho mkononi, uzi ukimtatiza. Huuu! Vikanyauka, vikawa vyeusi. Zimwi likapanua kinywa.

Lakini kilua, wanangu, hunukia zaidi kikinyauka. Harufu ikapanda. Zimwi likavuta pumzi, likavuta tena, na mara ya tatu likakishika kikuba kwa mikono miwili.

Miwili, nasema! Lilipozinduka, Riziki na mama yake walikuwa wameshaingia ndani na kukomea mlango.

Na nyinyi mnaotupa vilua vikikauka, shauri yenu.